Kukolea na Kutakata

Tunaposema picha imekolea, tunaazima neno la jikoni. Chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi, na kanga mpya huwa imekolea rangi kabla ya jua na sabuni kuipausha. Kwa miaka mingi nimelitumia neno hilo kwa picha za nyeusi na nyeupe nilizozisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, nikidhani linatosha kueleza kile ambacho vitabu hukiita kontrasti. Halitoshi. Nililijua hilo kwa sababu ya boksi moja la karatasi kuukuu.

Nilipewa na mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa amefunga studio yake. Lilikuwa halijafunguliwa, ila lilikaa miaka juu ya kabati, chini ya bati. Nikachapa picha ya mtoto aliyevaa kanzu nyeupe. Nywele zilitoka nyeusi. Nikaongeza muda wa mwanga, zikakolea zaidi. Kanzu ikawa ya kijivu, kama imefuliwa kwa maji ya tope.

Weusi umekolea, na bado picha imelala. Kumbe kukolea ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kutakata: nguo hutakata, na anga hutakata mawingu yakiondoka. Kontrasti ni umbali ulioko kati ya weusi uliokolea na weupe uliotakata. Wanaopendekeza "utofauti" hawajanishawishi, maana hata kijivu na kijivu hutofautiana.

Karatasi za zamani ziliuzwa kwa namba, 0 hadi 5, na namba 2 ndiyo ya kawaida. Mwaka 1940 kampuni ya Ilford ya Uingereza ikatoa Multigrade, karatasi moja inayobadilika kwa kichujio: cha manjano huilainisha, cha majenta huifanya kali. Nasema kali kwa makusudi. Waingereza huiita ngumu, lakini kwetu karatasi ngumu ni ile isiyokunjika. Jua kali la saa saba, linalotenga kivuli na mwanga kama kwa kisu, ndilo hasa namba 5.

Kilichoiharibu kanzu ni ukungu. Joto na unyevu huziamsha chembe za fedha zilizomo kwenye karatasi hata kama hazijaona mwanga, na dawa ya kusafishia ikizikuta huzigeuza nyeusi, moja hapa, moja pale, mpaka weupe wote unafifia. Neno letu linabeba zaidi: ukungu ni ule wa alfajiri unaoziba mlima, na ni ule unaoota juu ya mkate. Pwani karatasi hupata yote mawili, kwani hata jelatini iliyopakwa juu yake ni chakula cha kuvu.

Kipimo chake ni rahisi. Chini ya taa nyekundu kata vipande viwili. Kimoja kitie moja kwa moja kwenye dawa ya kukazia. Cha pili kipitishe kwanza kwenye dawa ya kusafishia kwa dakika mbili, kisha nacho ukikaze. Vioshe, uvilaze pamoja dirishani. Cha pili kikiwa na kijivu zaidi kuliko cha kwanza, huo ndio ukungu. Vya boksi langu vilitofautiana kama jino na jivu.

Ndiyo maana sipendi kusema karatasi "imewekwa". Kuweka hata juu ya kabati ni kuweka. Karatasi huhifadhiwa: ndani ya mfuko wake mweusi, boksi limefungwa barabara, mahali pakavu na pa baridi. Ikitoka kwenye friji iache saa kadhaa kabla ya kuifungua, la sivyo itatoka jasho kama chupa ya soda.

Nilijaribu kutia benzotriazoli kidogo, kemikali ya kuzuia ukungu, kwenye dawa ya kusafishia. Ukungu ulipungua, kanzu haikutakata. Karatasi zilizobaki nazichapia picha za bahari asubuhi za masika, wakati maji na anga havijaachana rangi.