Ulimi wa Racheti

Racheti ikiwa nzima husema. Ukirudisha mpini nyuma, kichwani panalia tiki-tiki-tiki. Ukiusukuma mbele mlio unakatika, meno yanang'ata na nati inatii. Racheti ya mjomba wangu ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa chini ya gari lake, Jumamosi asubuhi, Tanga, nakaza bolti ya stata, mara mpini ukateleza na vidole vyangu vikajigonga kwenye chesesi. Nikatoka nimeushika mkono.

"Mjomba, hii imekufa. Tununue nyingine."

Akaipokea, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni. "Haijafa, mjomba. Ulimi umeganda. Lete sahani na mafuta ya taa."

Ulimi anaousema ni kipande cha chuma kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndani ya kichwa cha racheti mna gia yenye meno kuizunguka pande zote. Ubavuni mwake umekaa ulimi, nao una meno yake machache, na nyuma ya ulimi kuna springi nyembamba inayousukuma uibane gia. Ukivuta mpini upande wa kukaza, meno ya ulimi yanajifunga katika meno ya gia na vyote vinakwenda pamoja. Ukirudisha, ulimi unapanda jino moja, unaanguka penye pengo, unapanda jingine. Kila kuanguka ni tiki moja. Swichi iliyo mgongoni huulaza ulimi upande wa pili, na chombo kilichokuwa kinakaza sasa kinafungua.

Aliyewahi kutia ufunguo saa ya mezani ameusikia ulimi huo. Aliyeteremka mlima kwa baiskeli bila kukanyaga pedali ameusikia ndani ya friwili, na dereva huusikia kila anapovuta hendibreki. Gurudumu linaloruhusiwa kwenda upande mmoja na kukatazwa upande wa pili ni wazo la karne nyingi. Kilichochelewa ni kuliingiza wazo hilo kwenye spana.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kupewa hataza ya spana ya racheti yenye soketi za kubadilisha, vile vikombe vya chuma vinavyoivaa nati, ni J. J. Richardson wa Woodstock, mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani. Ilikuwa mwaka 1863, nchi yake ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hataza hiyo ilipewa namba 38,914. Tarehe 16 Aprili 1864 jarida la Scientific American lilichapa mchoro wa chombo chake.

Siku tano baadaye, tarehe 21 Aprili 1864, mtengenezaji wa mitambo William Sellers alisimama mbele ya wanachama wa Franklin Institute mjini Philadelphia akapendekeza Marekani iwe na kipimo kimoja cha uzi wa bolti, pamoja na vipimo vya nati na vichwa vya bolti. Uingereza ilikuwa imekwisha kupata pendekezo kama hilo kutoka kwa Joseph Whitworth mwaka 1841. Naziweka tarehe hizo mbili za Aprili pamoja kwa makusudi. Wakati huo karakana nyingi zilikata nati kwa kipimo chao wenyewe, na soketi iliyokaa sawasawa kwenye nati ya karakana moja ilipwaya au ilikataa kuingia kwenye nati ya jirani. Soketi za kubadilisha zina faida pale tu watu wanapokubaliana ukubwa wa nati. Chombo cha Richardson kilikuwa kinalingojea pendekezo la Sellers, hata kama wawili hao hawakuwahi kukaa meza moja.

Gari ndilo lililoipa racheti kazi ya kila siku. Ford ilipotoa Model T mwaka 1908, gereji zikaanza kuota kila kona ya Marekani, na fundi alihitaji rundo la spana za soketi ambazo nyingi zilikuwa kitu kimoja na mpini wake: ukubwa mmoja, mpini mmoja. Kule Milwaukee kijana Joseph Johnson, mfanyakazi wa American Grinder Manufacturing, alifikiria mikono 5 na soketi 10, kila mkono ukikubali kila soketi. Waajiri wake hawakulitaka wazo hilo. Mwaka 1920 yeye na mwenzake William Seidemann wakaanzisha kampuni ya Snap-on, na tangazo lao lilikuwa hesabu tupu: mitano ifanye kazi ya hamsini. Wauzaji wawili, Stanton Palmer na Newton Tarble, ndio waliozibeba seti hizo mpaka kwa mafundi na kuzitandaza mbele yao.

Mpaka leo tunaishi ndani ya uamuzi wa watu wa enzi hiyo. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hufungua nati ya milimita 17 kwa soketi ya milimita 17, lakini mraba wa racheti unaoingia kwenye soketi hiyo ni wa nusu inchi. Robo inchi, tatu kwa nane, nusu, robo tatu: hata nchi zinazopima nati kwa milimita hutengeneza miraba hiyohiyo. Kwa sababu hiyo soketi iliyookotwa kwenye boksi la vyuma chakavu inaweza kukubali racheti iliyotoka kiwandani jana.

Mjomba alikuwa ametandaza kitambaa cheupe barazani. Alisisitiza kiwe cheupe, ili goroli ikiruka ionekane. Akakitia kichwa cha racheti ndani ya mfuko mtupu wa mkate, mikono yake pia ndani, akalegeza skrubu mbili za kifuniko kwa bisibisi iliyokaa vizuri kwenye mfereji wake. Racheti nyingine hazina skrubu. Kifuniko chao hushikwa na klipu ya duara inayotolewa kwa koleo nyembamba. Skrubu ikigoma kwa kutu, si ya kulazimishwa: tone la mafuta ya taa, usiku mmoja, kisha unajaribu tena. Kifuniko kikainuka. Tii! Springi ikaruka, ikagonga mfuko, ikaanguka kitambaani. Nami nilikuwa nimepiga picha kwa simu kabla hajagusa kingine, ili tujue ulimi ulilala vipi na springi ilikaa upande gani.

Ndani mlikuwa na grisi nyeusi, nzito kama ulimbo. Mwenye kosa ni mimi. Miezi kadhaa nyuma niliijaza racheti hiyo grisi ya beringi za magurudumu nikidhani naifanyia wema. Grisi ile huishinda nguvu springi ndogo: ulimi unabaki umenata nyuma, unashika ncha tu za meno ya gia, na uzito ukija unaruka. Ikichanganyika na vumbi la barabarani inakuwa msasa, nayo hula meno taratibu. Racheti nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu zina ugonjwa huu tu, na tiba yake ni saa moja ya kukaa barazani.

Tuliviosha vipande vyote sahanini kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, mbali na jiko. Mjomba akauinua ulimi kuelekea mwanga. Ncha za meno zilikuwa bado kali. Zingekuwa zimeviringika, tupa isingesaidia, kwa maana chuma hicho kimekazwa kwa moto na umbo lake limepimwa kiwandani. Dawa ingekuwa ulimi mwingine, wa kununua au wa kutoa kwenye racheti iliyokufa ya aina ileile. Springi ndiyo iliyokuwa imechoka, imebonyea upande. Akatoa springi ya kalamu ya biki, akakata kipande, akakipima mara tatu kabla hakijaridhisha. Aliniambia wazi kwamba hiyo ni ya kusogeza siku, maana springi ya kalamu ni laini kuliko ya asili.

Alipofika kwenye kitufe kilicho mgongoni mwa kichwa, alikibonyeza na goroli ya kwenye mraba ikaingia ndani. Kitufe hicho kina historia inayoniuma.

Zamani soketi ilishikwa na goroli iliyosukumwa na springi, na kuichomoa kulihitaji mikono miwili. Kwa vidole vyenye oili ilikuwa kazi hasa. Peter Roberts alikuwa kijana wa miaka 18, karani wa mauzo katika duka la Sears mjini Gardner, Massachusetts. Baada ya saa za kazi alitengeneza racheti yenye pini inayopita katikati ya gia: bonyeza kwa kidole gumba, goroli inapata pa kurudi, soketi inadondoka. Mkono mmoja unatosha. Mwaka 1964 aliomba hataza, na chombo chake akakiwasilisha kwa kampuni iliyomwajiri. Mwaka uliofuata kampuni ilinunua haki zake kwa makubaliano ya senti 2 kwa kila racheti, mwisho dola 10,000.

Senti 2 zinafika dola 10,000 zikiuzwa racheti 500,000. Kampuni iliuza mamilioni. Roberts alikuwa ameambiwa kwamba kitu chake hakina thamani kubwa sokoni, huku kampuni yenyewe ikijiandaa kukitengeneza kwa wingi. Alifungua shauri mwaka 1969. Mwaka 1977 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 1 kwa kudanganywa, lakini mashauri yakaendelea, rufaa juu ya rufaa, mpaka pande zote mbili zilipopatana mwaka 1989 kwa dola milioni 8.2. Miaka 20 tangu afungue shauri! Kila ninapobonyeza kitufe kile namkumbuka kijana wa dukani aliyejitengenezea kitu usiku, akaenda kukionyesha kwa waliomwajiri kwa moyo mweupe.

Na bado haki inataka niseme jambo la pili kuhusu duka hilohilo. Zana za mkono za Craftsman, chapa ya Sears tangu 1927, ziliuzwa kwa dhamana ya maisha. Mteja aliirudisha racheti iliyoharibika, na mara nyingi haikutupwa: ilifunguliwa, gia, ulimi na springi vikatolewa, vikaingizwa vipya vilivyofungwa pamoja kwa ajili hiyo, akaondoka na mwili uleule wa chuma. Ndivyo kizazi kizima cha Wamarekani kilivyojifunza kwamba racheti ina mifupa ya kudumu na matumbo ya kubadilishwa. Craftsman iliuzwa kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017, na Sears ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2018. Watengenezaji kadhaa wa zana bado huuza vifaa hivyo vya ndani, ila mtu wa Tanga au Kisumu akivihitaji huwa hana kaunta ya kuviendea. Ana baraza, sahani na mswaki.

Siku hizi muuzaji husifu wingi wa meno, na si uongo. Gia ya meno 24 inataka mpini usogee nyuzi 15 kabla ulimi haujaangukia jino la pili. Ya meno 36 inataka nyuzi 10. Ya meno 72, nyuzi 5. Pale penye nafasi finyu, kama nyuma ya stata ile, nyuzi 5 ni baraka. Lakini meno mengi ni meno madogo, na meno madogo hayavumilii mchanga wala grisi nzito. Kwa matumizi ya nyumbani mimi ningechagua meno machache kidogo na kifuniko chenye skrubu, kuliko meno mengi ndani ya kichwa kisichofunguka.

Kisha kuna bomba. Nati ikigoma, fundi huchomeka bomba kwenye mpini ili aongeze urefu, na uzito wote unaangukia meno machache ya ulimi yaliyoshika gia wakati ule. Hapo ndipo racheti hufa kifo cha kweli, na anayeivuta hurushwa nayo. Nati iliyoganda ni ya kulegezwa kwanza kwa mkono mrefu usio na gia wala ulimi, ndipo racheti ije kumalizia. Nimeshuhudia mkono wa mtu ukivunjika kwa kupuuza hilo, na sikumbuki neno alilosema zaidi ya kumwita mama yake.

Mjomba alivikausha vipande, akadondosha mafuta ya cherehani: matone mawili kwenye gia, moja kwenye ulimi, moja chini ya swichi. Basi. Mwili wa nje akaupitishia kitambaa chenye mafuta hayohayo, kwa kuwa chumvi ya bahari haichagui nyumba Tanga, na kromu ikishabanduka kutu huingilia hapo. Tukairudishia springi kwa kufuata picha ya simu, kifuniko, skrubu moja, ya pili.

Mjukuu wake alikuwa amesogea, amechuchumaa ukingoni mwa kitambaa. Mjomba akamwekea racheti karibu na sikio, akaushika mraba kwa vidole viwili na kuuzungusha taratibu. "Hesabu, mama." Binti akahesabu kwa sauti, akapotea kwenye kumi na tisa, wakaanza upya. Mzunguko ulipotimia alikuwa amefika 36.

"Ndiyo meno hayohayo niliyonunua," mjomba akasema, akanipa racheti. Nikarudi chini ya gari.