Kamba yenye mafundo matatu: Historia ya watawa wa bonde la Kilombero

Historia ya Ifakara husimuliwa zaidi kupitia mpunga, reli ya TAZARA na utafiti wa malaria. Ipo historia nyingine ambayo haijapewa nafasi yake. Ni ya wanaume na wanawake waliojifunga maisha yao yote katika nidhamu ya roho: kuamka alfajiri, kusali, kukaa kimya, kwenda kazini, na kesho yake kuanza upya. Anayetaka kujua kwa nini mji uliozingirwa na mafuriko ulipata hospitali kubwa na maabara mashuhuri, aanzie kwenye sala hizo za alfajiri.

Nidhamu ya namna hiyo si mali ya dini moja. Kule India, Patanjali aliipanga yoga katika hatua nane, na mikao ya mwili ambayo watu wengi wa mijini wanaijua leo ni hatua moja tu. Hatua mbili za kwanza zinahusu mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuutawala mwili, kutojilimbikizia mali, kuridhika, kujinyima, na kujikabidhi kwa Mungu. Bhagavad Gita inaongeza fundisho la kufanya kazi bila kung'ang'ania matunda yake. Katika pwani yetu, wafuasi wa tarika za Kiislamu wamelea mioyo yao kwa dhikri na nyiradi, vizazi na vizazi.

Hata bonde la Kilombero halikuwa tupu kabla ya wamisionari. Wapogoro walikuwa na mahoka, mizimu ya wazee wao, waliokumbukwa kwa matambiko. Mwaka 1905, mganga Kinjikitile wa Ngarambe alipotangaza dawa ya maji, waliopokea dawa hiyo walipokea na miiko ya kuishika. Tarehe 30 Agosti mwaka huo, Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Wajerumani pale Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Walioanguka pale walikwenda wakiwa na imani, si hasira peke yake.

Sala na kazi

Watawa wa kwanza kuweka makao katika eneo hili walikuwa Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani. Mwaka 1902 walianzisha misheni ya Kwiro, juu ya milima ya Mahenge. Walifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inayoigawa siku kati ya sala, kusoma na kazi za mikono. Vita hiyo ya dawa ya maji, Maji Maji, haikuwapita. Tarehe 14 Agosti 1905, askofu wao Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kuelekea Liwale. Wenzao walirudi wakajenga tena, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani katika nchi.

Mwaka 1921 nafasi yao ilichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, tawi la familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi lililoidhinishwa na Papa Klementi VII mwaka 1528. Masista wa Baldegg, shirika lililoanzishwa katika jimbo la Luzern mwaka 1830, walifika nao. Mkapuchini Edgar Maranta aliliongoza eneo la Dar es Salaam, ambalo Ifakara na Mahenge zilikuwa ndani yake, kuanzia mwaka 1930, na kuanzia 1953 hadi 1968 akiwa askofu mkuu.

Mkapuchini alijulikana kwa kanzu ya kahawia yenye kofia mgongoni na kamba nyeupe kiunoni. Kamba hiyo ina mafundo matatu, kila fundo nadhiri moja: ufukara, useja mtakatifu na utii. Mkapuchini hafungi nadhiri za daima kwa siku moja. Kwanza hupokewa na kuangaliwa, kisha huingia unovisi chini ya mlezi, halafu hufunga nadhiri za muda na kuzirudia. Baada ya miaka kadhaa ya kujipima ndipo husema neno la daima. Katiba yao ya mwaka 1536 ilitaka kila ndugu awe na angalau saa mbili za sala ya kimya kila siku, mbali na Masifu na Misa. Saa hizo hazikuwa za kusoma wala kuimba. Ndugu aliketi au kupiga magoti mbele ya Mungu, akili ikizurura anairudisha, ikizurura tena anairudisha tena.

Miguu ya wagonjwa wa ukoma

Nidhamu hiyo ilipimwa nje ya kanisa, na kipimo chake kikubwa Ifakara kilikuwa Nazareti, makazi ya wagonjwa wa ukoma. Fransisko mwenyewe, katika wosia wake wa mwaka 1226, alieleza kwamba maisha yake yaligeuka alipokwenda kukaa na wakoma. Wanawe hawakuweza kuwakwepa wagonjwa walewale walipowakuta Kilombero.

Kazi yenyewe haina fahari. Ukoma huua hisia, hivyo mgonjwa anaweza kuungua kwa sufuria au kuchomwa na mwiba asijue. Miguu inalowekwa kwenye maji, ngozi ngumu inakwanguliwa taratibu, inapakwa mafuta ili isipasuke, kidonda kinasafishwa na kufungwa. Kesho inarudiwa, na keshokutwa pia. Kabla ya dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, muuguzi aliweza kuhudumia mguu uleule miaka mingi bila kuahidiwa kupona. Anayefanya kazi kwa kutazama matokeo tu angechoka mapema. Hapa ndipo fundisho la kutong'ang'ania matunda linapoacha kuwa falsafa ya vitabuni.

Kwa moyo huohuo ilikua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambako masista wauguzi walifanya kazi na madaktari kama Karl Schöpf. Uwepo wao ndio uliomvuta Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel, ambaye mwaka 1957 alifungua maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini hapa. Mwaka 1961 kilifuata kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Kutoka katika maabara hiyo imezaliwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana duniani kote. Sayansi ilikuta nyumba ambayo watu wa sala walikuwa wameshaitunza.

Nadhiri mikononi mwa wazalendo

Historia hii ina upande wa lawama, na haki inataka usemwe. Wamisionari wengi waliyahukumu matambiko bila kuyaelewa, wakayaita upagani, na familia nyingi zilijifunza kuabudu kanisani mchana na kuwakumbuka wazee wao kwa siri. Watu waliozijua vizuri nguvu za ukimya na mfungo walipaswa kuwa wa kwanza kuziheshimu kwa wenzao.

Hata hivyo mti haukubaki wa kigeni. Jimbo la Mahenge lilipoundwa mwaka 1964, askofu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Elias Mchonde. Tarehe 14 Januari 2012 Ifakara nayo ikawa jimbo, chini ya Askofu Salutaris Libena. Leo Masifu katika nyumba za watawa wa Tanzania yanasaliwa kwa Kiswahili, na walezi wa manovisi ni wazaliwa wa nchi hii.

Wala njia hiyo si ya watawa peke yao. Wafransiskani wa Utawa wa Tatu ni walimu, wakulima na akina mama wa nyumbani wanaoishi katika ndoa zao na shughuli zao. Kanuni yao, iliyoidhinishwa na Papa Paulo VI mwaka 1978, inawataka waongoke kila siku. Ahadi yao ni ya maisha yote, na inatimizwa shambani, sokoni na kitandani kwa mgonjwa.

Tangu mwaka 2018, Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 limewavusha watu Mto Kilombero, ambao zamani waliupita kwa mitumbwi na kivuko. Mengi yamekuwa rahisi, na ni heri. Lakini hakuna daraja linalomvusha mtu uvivu wa moyo wake. Hapo kila kizazi huanza mwanzo. Wazee waliouguzwa, kufundishwa na kulelewa na watawa wale bado wapo Ifakara, Kwiro na Mahenge. Parokia, shule na vyuo vya bonde hili vianze sasa kurekodi simulizi zao, pamoja na zile za matambiko yaliyofichwa, ili vijana wajue kwamba mji wao ulijengwa pia na watu waliokubali kurudia jema lilelile mpaka kufa.