Safari ya basi hadi Eldoret: chakula, vinywaji na matumizi

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kama kilomita 800. Wengi wetu twaenda kupeleka mtoto Chuo Kikuu cha Moi au mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Moi. Shilingi iliyoliwa njiani ndiyo inayokosekana huko.

Mimi hufunga mahamri, mayai ya kuchemsha, ndizi na tende. Wali wa nazi siubebi. Kwa joto letu huchacha kabla ya Mtito Andei. Maji nunua mtaani kwako, maana stendi chupa ile ile hupanda bei. Kunywa kidogo kidogo, basi halisimami kila unapobanwa.

Ukila hotelini njiani, uliza bei na uhalali wa nyama kabla ya kuketi. Ukiwa na shaka, chai na chapati zatosha. Kinywaji cha abiria usiyemjua usikipokee. Kuna waliotiliwa dawa wakaamka hawana kitu. Weka chenji karibu, noti kubwa ndani.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake ni baridi. Bakisha pesa ya chai ya moto na ya bodaboda.