Kiangazi cha Oklahoma City, 2012

Julai 2012, Hasheem Thabeet aliposajiliwa na Oklahoma City Thunder, Dar tulishangilia. Kijana wetu, chaguo la pili NBA mwaka 2009, sasa yuko timu moja na James Harden, chaguo la tatu! Na timu yenyewe ndiyo kwanza imetoka fainali, ingawa Miami waliwafunga 4-1.

Kumbe habari yenyewe ilikuwa bado. Agosti, Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, akaongezewa miaka 4. Durant na Westbrook walishapata mikataba yao. Akabaki Harden, na hesabu zikagoma. Oklahoma City ni soko dogo, mapato yake si ya Los Angeles, na ligi inatoza kodi nzito timu ikipitisha kiwango cha mishahara. Iliripotiwa kwamba walipishana kama dola milioni 5 hivi. Oktoba 27 wakampeleka Houston.

Mimi hapo siwaelewi, bwana. Kodi ungelipa mwaka mmoja, miwili. Harden utamtoa wapi? 2018 akawa MVP, na jezi ya Houston. Durant alishaondoka 2016 bila malipo. Thabeet wetu alicheza misimu miwili. Ubingwa ulikuja 2025, kwa vijana wengine kabisa.