Jina la Baba Halichimbi Ngolo

Ndugu msikilizaji, huku kwetu Mapera, wilayani Mbinga, mtu hurithi ntambo, yaani ubavu wa mlima ulio mali ya ukoo. Lakini ngolo, vile vishimo vinavyozuia udongo usiporomoke, havirithiwi. Maharage yakishavunwa na mahindi yakafuata, nyasi hufyekwa tena, hupangwa miraba, na mashimo huchimbwa upya. Mwana akikaa barazani akijivuna kwamba babu yake alikuwa mkulima hodari, mvua ya masika itashusha shamba lote mtoni.

Nayasema haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika chama chetu cha msingi cha kahawa, nilimpigia kura kijana mmoja aingie kwenye kamati. Sikumwuliza swali hata moja. Nilijua tu kwamba marehemu baba yake alikuwa karani wa mizani asiyepunja mtu. Misimu miwili ikapita bila kusomewa hesabu. Wakati ule nilimlaumu kijana. Siku hizi najilaumu mimi.

Mataifa makubwa nayo yamelipitia jambo hili. Kule Marekani, John Adams alikuwa Rais wa pili, toka mwaka 1797 hadi 1801. Mwaka 1825 mwanawe, John Quincy Adams, akawa Rais wa sita, ingawa Andrew Jackson alikuwa amepata kura nyingi zaidi za wananchi. Kwa kuwa hakuna aliyefikia kiwango kilichotakiwa, Baraza la Wawakilishi ndilo lililoamua. Baba na mwana, wote wawili walinyimwa kipindi cha pili. Lakini mwaka 1831 yule mwana alirudi bungeni akiwa mjumbe wa kawaida, akapigana na watetezi wa utumwa mpaka alipofariki mwaka 1848. Mwaka 1841 alisimama mbele ya Mahakama Kuu ya nchi yake kuwatetea Waafrika waliojikomboa ndani ya meli ya Amistad, na wakaachiwa huru. Sifa hiyo hakuirithi kwa mtu.

Turudi kwetu. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, aliwagawia wakulima eka tatu tatu na kujenga majumba ya Michenzani. Lakini tangu Mapinduzi hadi alipouawa tarehe 7 Aprili, 1972, hapakuwa na uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wala chama cha upinzani. Mwaka 2000 mwanawe, Amani Abeid Karume, akashika kiti hicho hicho baada ya uchaguzi uliozozaniwa vikali. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Jina la baba halikuzuia damu ile kumwagika.

Hata hivyo, Novemba 2009 Karume mwana alikaa na Maalim Seif Sharif Hamad wakazungumza. Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na wawili katika kila watatu wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mwana alikubali kugawana madaraka na wapinzani, jambo ambalo baba yake hakulifanya.

Majina mengine yamefuata njia hiyo. Hapa mkoani Ruvuma, Mzee Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu, na mwanawe Vita akaingia bungeni mwaka 2005 kwa jimbo la Namtumbo. Kenya, mwaka 2013, Kenyatta na Odinga wakashindana kama baba zao walivyowahi kushindana. Mwaka 2020 jina la Mwinyi likaingia tena Ikulu ya Zanzibar.

Simlaumu mtoto wa kiongozi anayeomba kura. Hakuchagua pa kuzaliwa, na huenda alijifunza mengi akiwa mezani kwa baba yake. Wasiwasi wangu ni juu yetu sisi tunaopiga kura. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kweli, lakini mwanga huo ni wa yule aliyelitengeneza.

Chama chetu kikiitisha mkutano tena, nitasimama na kuuliza: wewe umechimba ngolo ipi, na hesabu zake ziko wapi? Nawe msikilizaji, uliza huko uliko.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.