Siku za Mitume Katika Pwani Yetu

Kila Jumapili, tunaposali Nasadiki, sisi Wakristo wa Mungaa hulitaja jina la mtawala mmoja wa Kirumi, Ponsyo Pilato. Hakuwa Kaisari wala mfalme, bali liwali tu wa Yudea tangu mwaka 26 hata mwaka 36. Watoto wa mafundisho wakilisikia jina hilo huuliza: katika siku zile, huku kwetu kulikuwa na watu? Ni swali zuri. Walimu wengi wa zamani walilijibu kwa mkato, kana kwamba nchi hii ilizaliwa siku Wareno walipotia nanga pwani mwaka 1498. Jibu hilo si la kweli.

Ushahidi ulio karibu nasi u katika majabali ya Kondoa, upande wa mashariki. Mapango yenye michoro ya watu na wanyama ni zaidi ya 150, na baadhi ya michoro hiyo wataalamu huihesabia miaka 2,000. Waliochora hawakutuachia neno. Lakini kwa habari za pwani tunacho kitabu.

Kitabu hicho, Periplo ya Bahari ya Eritrea, kiliandikwa kwa Kiyunani na mfanya biashara wa Misri katikati ya karne ya kwanza, yaani karibu na siku Mtume Paulo alipokuwa akisafiri na kuandika nyaraka zake. Misri ilikuwa chini ya Warumi tangu mwaka 30 kabla ya Kristo. Majahazi yalitoka katika bandari za Bahari ya Shamu, yakaizunguka pembe ya Afrika, yakashuka katika pwani iliyoitwa Azania. Soko la mwisho liliitwa Rhapta. Jina lenyewe latokana na kushona, maana mashua za huko zilishonwa kwa kamba. Mafundi wa Lamu waliounda mitepe wangalilifahamu mara moja.

Wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Tena walileta divai na ngano, si za kuuza, ila za kuwapa wenyeji ili wapate kupendwa nao. (Hila hiyo ni ya kale kuliko tulivyodhani!) Walichukua pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba. Huko Roma wakubwa waliketi viti vilivyopambwa kwa pembe walipoamua mashauri ya watu. Mahali penyewe pa Rhapta wataalamu wangali wakipatafuta, na wengi huelekeza macho Rufiji. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa huko, ambazo alizitambua kuwa za Kirumi.

Je, Kaisari alitawala Rhapta? Hakutawala. Mwandishi yule asema wenyeji walikuwa watu wa miili mikubwa, na kila mmoja mahali pake alijiweka kama mkuu. Juu yao palikuwa na haki ya kale ya liwali mmoja wa Uarabuni, nao wafanya biashara wa Muza, huko Yemeni, ndio waliotoza ushuru. Waliwatuma manahodha na mawakili wa Kiarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao, wakajua lugha yao. Basi ushuru wa mgeni ulikuwapo pwani karne nyingi kabla ya kodi ya nyumba ya Mjerumani ya mwaka 1898.

Liko neno moja zito katika kitabu hicho, wala halifai kurukwa. Katika bidhaa za Rhapta mtumwa hatajwi. Lakini Opone, katika pwani ya Wasomali, walitoka watumwa waliopelekwa Misri, na hesabu yao ilizidi kukua. Nyumba za matajiri wa Kirumi, mashamba yao na machimbo yao viliendeshwa kwa mikono ya watumwa, na sheria ilimhesabu mtumwa kuwa mali ya bwana wake. Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ulio mfupi kuliko nyaraka zake zote, unamhusu mtumwa mmoja, Onesimo. Nasi tusisahau kwamba misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilijazwa kwanza na watoto waliokombolewa utumwani.

Mwaka 203, katika mji wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, liwali wa Kirumi aliwahukumu Wakristo kutupwa mbele ya wanyama wakali. Mmoja alikuwa bibi mwenye cheo, Perpetua; mwingine mtumwa, Felisita, aliyekuwa mja mzito. Majina yao yote mawili yamo katika Kanuni ya Kirumi ya Misa, moja karibu na jingine. Felisita alijifungua gerezani siku chache kabla ya kufa, na mtoto wake, msichana, akachukuliwa na dada mmoja Mkristo, akamlea kama binti yake mwenyewe.