Bioanuwai: Anuwai Si Wingi

Istilahi bioanuwai ina vipande viwili. Bio ni kiambishi cha asili ya Kigiriki chenye maana ya uhai. Anuwai tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ni wingi (wa kisarufi, usinielewe vibaya) wa neno lenye maana ya aina. Wako wanaoandika bayoanuwai, na sioni haja ya kugombana nao. Ninaogombana nao ni wale wanaoifasiri istilahi hii kuwa "wingi wa viumbe". Wingi ni idadi. Anuwai ni kutofautiana.

Wadudu wa majani watatuonyesha tofauti hiyo. Pitisha wavu wa kitambaa juu ya nyasi za malisho kama mtu anayefagia, kisha uchungulie ndani. Utakuta vidukari, buibui, mbawakawa wadogo na vidudu vyembamba vyenye umbo la kabari, ambavyo hufyonza utomvu na huruka ghafla vikiguswa. Hivi vya mwisho ni jasidi, jina ambalo wataalamu wa pamba wanalijua vizuri. Tuseme malisho mawili yametoa jasidi 100 kila moja, na kila moja lina spishi 10. Katika la kwanza kila spishi ina wadudu 10. Katika la pili spishi moja ina wadudu 91, na tisa zilizobaki zina mmojammoja. Wingi ni uleule, hata idadi ya spishi ni ileile, ila anuwai ni tofauti kabisa. Kwa kanuni ya Claude Shannon ya mwaka 1948, iliyobuniwa kwa ajili ya mawasiliano ya simu wala si kwa wadudu, malisho ya kwanza yanapata 2.30 na ya pili 0.50.

Wingi unaweza hata kupanda huku anuwai ikishuka. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna malisho yanayofanyiwa jaribio tangu mwaka 1856. Vipande visivyotiwa mbolea vina karibu spishi 40 za mimea. Vile vinavyotiwa naitrojeni nyingi pamoja na madini mengine hutoa majani mengi zaidi, lakini ya spishi chache. Mdudu anayekula mmea mmoja tu hana pa kwenda mmea huo ukitoweka.

Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai wa mwaka 1992 unakwenda mbali zaidi: unataja tofauti kati ya spishi, tofauti za mifumo ya ikolojia, na tofauti ndani ya spishi moja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na mfano wake mzuri tunao hapa kwetu. Jasidi wa jenasi ya Cicadulina, wenye urefu wa milimita 3 hivi, huishi kwenye nyasi za mwituni na kuhamia mashambani, ambako hueneza virusi vya ugonjwa wa milia ya mahindi. Majike wa spishi zake hufanana mno. Mtaalamu hutafuta dume, amtazame viungo vya uzazi kwa hadubini, ndipo ataje jina. Lakini hata spishi ikishajulikana, kazi haijaisha. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, H. H. Storey alionyesha mwaka 1932 kwamba baadhi ya Cicadulina mbila hueneza virusi na wengine hawawezi, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Baadaye aliwatoboa utumbo kwa sindano wale wasioweza, nao wakaanza kueneza. Kizuizi, basi, kilikuwa ukuta wa utumbo. Wadudu wawili wa jina moja, kwenye jani moja, mmoja ni hatari kwa shamba la jirani na mwingine si hatari.

Hakuna hesabu ya "wingi wa viumbe" inayoweza kuwatenganisha hao wawili. Kwa hiyo nawaomba wahariri na watunzi wa vitabu vya shule: bioanuwai ifafanuliwe kuwa utofauti wa viumbe, ndani ya spishi, kati ya spishi na kati ya mifumo wanamoishi. Wingi tuuache ubaki na kazi yake ya kuhesabu.